Kufunga bia ya nyumbani kwenye makopo katika joto la Mombasa

Kopo likishafungwa, limefungwa. Chupa ukiitilia shaka unaweza kulegeza kizibo, gesi ikatoka kidogo, ukaziba upya. Kopo halina nafasi hiyo. Kwa hivyo upimaji wote, kama bia imemaliza kuchacha, gesi ni kiasi gani na mshono unashika au haushiki, hufanywa kabla ya mashine kuzunguka. Na hapa Mombasa, ambako mchana wa Februari hufika nyuzi 32 au 33 na kopo laweza kukaa kwenye buti ya gari foleni nzima ya feri ya Likoni, joto litayatafuta makosa yako yote na kuyapata.

Kabla ya vifaa, leseni. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inamtaka anayetengeneza au kuuza kileo awe na leseni, na bia ya kuuzwa hubandikwa stempu ya ushuru ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Limalize hilo kwanza, kisha usome yanayofuata.

Bia iwe imekwisha kweli

Makopo ya bia na vifuniko vyake huundwa yahimili takriban psi 90 (psi ni kipimo cha shinikizo, pauni kwa inchi ya mraba). Bia yenye lita 2.5 za gesi kwa kila lita ya bia, ambacho ni kiwango cha kawaida, ikikaa kwenye nyuzi 30 husukuma kopo kwa psi 38 hivi. Hapo pana nafasi ya kutosha. Nafasi hiyo huliwa na sukari iliyobaki: kila nukta moja inayoshuka kwenye haidromita (kifaa cha kupimia uzito wa bia kulinganisha na maji), tuseme kutoka 1.011 hadi 1.010, huongeza karibu nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Nukta 4 zikichacha ndani ya kopo, unafika psi 75. Zikiwa 6 umepita 90, na kifuniko kitainuka au kitafyatuka. Mahali penye baridi hamira iliyobaki ingelala. Kwa joto letu inaamka usiku huohuo.

Pima mara mbili, siku 3 zikiwa katikati, na sampuli uitikise itoe gesi kwanza. Haidromita nyingi zimepimiwa nyuzi 20. Bia ikiwa na nyuzi 30 ongeza 0.002 kwenye namba unayoisoma, la sivyo utadhani imeshuka zaidi ya ilivyo. Kisha fanya jaribio ambalo wengi huliruka: mimina mililita 200 kwenye chupa safi, tia kijiko cha chai cha hamira ileile uliyotumia, tikisa kwa nguvu, uiache penye joto siku 2. Namba ikishuka hata nukta 2 chini ya bia yako, bia bado. Ngoja.

Wanaochachusha bila friji hupenda hamira za kveik (za jadi za Norwei) au za saison (za bia ya Kibelgiji) kwa sababu zinavumilia joto. Kveik haina neno. Hamira nyingi za saison zina kimeng'enya kinachovunja wanga ambao hamira nyingine huuacha, nazo huendelea polepole kwa wiki kadhaa, kutoka 1.010 hadi 1.002. Hizo ni nukta 8. Bia ya namna hiyo iache kwenye kegi (pipa la chuma la bia yenye gesi) au chupa nene mpaka isimame kabisa. Kuiwahisha kwenye kopo ni kujitafutia balaa. Vivyo hivyo maji ya embe, pasheni au ukwaju wenye sukari ukiyatia mwishoni kwa ajili ya ladha: mililita 50 za maji ya embe kwa lita zina kama gramu 7 za sukari, na hizo zikichacha ni karibu lita 2 za gesi juu ya ile uliyopanga.

Makopo, vifuniko na mashine

Makopo ya mililita 330 na 500 ndiyo ya kawaida. Ya Kimarekani ni 355 na 473. Mengi hupokea kifuniko cha saizi 202, lakini 202 peke yake haitoshi. Ukingo wa kifuniko hutengenezwa kwa maumbo tofauti, na mawili utakayokutana nayo sana ni B64 na CDL. Kichwa cha mashine kinachoingia ndani ya kifuniko lazima kiwe cha umbo hilohilo. Ukichanganya, kifuniko kitakaa kama kimeshika, na siku ya tatu utakuta bia imeanza kutoa jasho pembeni. Nunua makopo na vifuniko kwa mtu mmoja, pamoja na karatasi ya vipimo vya mshono. Kopo la soda lililokwisha kunywewa halifungiki tena, maana mdomo wake umeshakunjwa pamoja na kifuniko cha zamani.

Mashine za mezani zinazotumiwa nyumbani ni kama Cannular ya KegLand ya Australia, au zile za Oktober za Marekani. Nyingi ndogo hutumia volti 24 za DC kupitia adapta. Hilo lina faida kwetu: stima ikipotea katikati ya kazi, betri mbili za gari za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo humaliza makopo yaliyobaki. Kagua kibandiko cha mashine yako kabla ya kuunga chochote.

Makopo matupu yaweke yakiwa yamepinduliwa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu hula alumini, hasa kwenye mstari wa kufungulia wa kifuniko ambako chuma ni chembamba. Kila kopo lipitishie ukucha kwenye mdomo uliopinda nje. Likiwa na kidonda kidogo au limebonyea, litupe; hapo mshono hautashika hata mashine iwe nzuri vipi.

Kurekebisha mshono

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mshono wa kopo ni tabaka tano za chuma zilizokunjwa pamoja, tatu za kifuniko na mbili za kopo, na gundi ya mpira iliyopakwa ukingoni mwa kifuniko ikijaza mianya. Roli ya kwanza, yaani gurudumu dogo la mashine linalobana mshono, hukunja ukingo wa kifuniko na kuuingiza chini ya mdomo wa kopo. Roli ya pili hubana mkunjo huo. Ya kwanza ikikosea, ya pili haiwezi kuokoa.

Tia maji kwenye kopo mpaka usawa wa kawaida, weka kifuniko, pitisha roli ya kwanza pekee kisha simamisha mashine. Pima unene wa mshono kwa mikromita au kalipa, sehemu tatu kuzunguka kopo. Unatafuta karibu milimita 2. Ukingo uwe umejikunja laini kuelekea ndani, usiwe umebonyezwa bapa. Sasa pitisha roli ya pili: unene ushuke hadi milimita 1.1 au 1.2, na urefu wa mshono uwe karibu 2.5. Karatasi ya aliyekuuzia ikisema tofauti, fuata karatasi. Roli husogezwa kwa nati ndogo. Zungusha kidogo sana kila mara, jaribu kopo jipya, pima tena. Tenga makopo 6 hadi 10 ya kuharibu kwa kazi hii na usiyahurumie.

Kipimo cha nje hakioni ndani. Kata kopo moja: toa katikati ya kifuniko kwa koleo, pasua mshono kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, ulainishe palipokatwa kwa msasa namba 400, kisha utazame kwa kamera ya simu ukiwa umevuta picha karibu. Utaona ndoano mbili, ya kifuniko na ya kopo, zimeshikana. Zipishane angalau milimita 0.8. Ndoano ya kifuniko ikiwa fupi, roli ya kwanza imelegea. Ikiwa na mikunjomikunjo kama kitambaa kilichovutwa uzi, roli ya pili haijabana. Ukipapasa ukingo wa juu kwa ndani ukakuta ncha kali inayokwaruza kidole, umebana kupita kiasi na chuma kimeanza kukatika.

Jaribio la mwisho ni la joto. Jaza makopo 3 maji baridi yenye gesi kutoka kwenye kegi, yafunge, uyaache yafike joto la chumba. Kisha vaa miwani ya kukinga macho, uyazamishe kwenye sufuria ya maji ya nyuzi 50, si zaidi, kwa dakika 10. Kwa lita 2.5 za gesi shinikizo litafika psi 60 na kidogo. Uzi wa viputo ukitoka mahali pamoja pa mshono, rudi kwenye roli. Makopo yakinyamaza, yakaushe, yapime kwa mizani ya gramu 0.1, yapindue usiku kucha juu ya gazeti, uyapime tena asubuhi; lililopungua linavuja.

Rudia kipimo cha unene kila unapoanza kazi, kila makopo 20 hivi, na kila unapobadilisha shehena ya vifuniko. Nati hulegea kwa mtikisiko.

Baridi na gesi

Bia ijazwe ikiwa na nyuzi 0 hadi 2. Hili halina njia ya mkato. Ikiwa na nyuzi 8 utapata povu tupu, nusu kopo na hasira. Kegi huhitaji siku 2 nzima kwenye friji ili ipoe; ikiwa kwenye psi 9 kwa nyuzi 2, itafika lita 2.4 za gesi ikiachwa wiki moja. Kwa joto letu kiwango hicho kinatosha. Kwenda juu ya 2.6 hakuna unachopata zaidi ya hatari. Mpira wa kujazia, makopo na bomba la kujazia navyo vipoe. Viloweke kwenye ndoo ya barafu. Barafu ya kuhifadhia samaki inafaa mradi isiguse chochote kinachogusa bia.

Mpira mrefu ndio unaotuliza povu. Wa kipenyo cha ndani milimita 5, kata mita 3; ukiwa na mwembamba wa milimita 4, mita 2 ni mwanzo mzuri. Wengine hushusha shinikizo la kegi hadi psi 3 ili bia itoke taratibu. Kwa kundi la makopo 10 ni sawa, lakini kwa kegi nzima gesi huanza kujitenga ndani ya mpira na kila kopo linakuwa na povu kuliko lililotangulia. Acha shinikizo lilelile la kegi, urefu wa mpira ufanye kazi.

Mtungi wa gesi uwe wa gesi ya vinywaji. Wa kuzimia moto hauna uhakika wa usafi, hata gesi ikiwa ileile. Jambo jingine ambalo vitabu vya nchi za baridi havilisemi: kaboni dioksaidi haiwezi kubaki kimiminika juu ya nyuzi 31. Chumba chako kikiwa na nyuzi 33, geji ya mtungi haikuambii kilichobaki, na mtungi ukikaa juani shinikizo hupanda kwa kasi. Uweke kivulini, usimame wima, na ujue kilichobaki kwa kuupima uzito. Madirisha yawe wazi, kwa kuwa gesi hii hutulia chini na haina harufu ya kukuonya.

Asiye na kegi anaweza kutia sukari na kuacha gesi izalike ndani ya kopo. Bia iliyochacha kwenye nyuzi 25 hubaki na kama lita 0.75 za gesi; ili ufike 2.4 unahitaji gramu 6.4 za sukari kwa lita, yaani gramu 2.1 kwa kopo la 330. Yeyusha sukari yote kwenye maji ya moto, ipoe, uichanganye na bia yote kwa pamoja. Kutia kijiko kopo kwa kopo ni kamari. Jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda kutoka bia hiyohiyo: ikiwa ngumu kama soda mpya, makopo nayo yako tayari, yahamishe kwenye baridi. Njia hii ina faida moja ya kweli, hamira hula sehemu ya oksijeni iliyoingia, lakini utapata machujo chini ya kopo.

Siku ya kujaza

Dawa ya kuua vijidudu iwe ya asidi ya fosforiki isiyohitaji kusuuzwa, kama Star San, mililita 1.5 kwa lita moja ya maji. Usitumie Jik, klorini hushambulia alumini na ikibaki kidogo huipa bia harufu ya plasta ya kidonda. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi na ugumu, nayo huifanya dawa iwe nyeupe kama maziwa. Ikiwa hivyo huenda asidi yake imeshuka. Mwaga, changanya upya kwa maji ya kunywa ya dumu la lita 20. Suuza kopo kwa dawa, lipindue litiririke, vifuniko vinyunyizie tu. Kuviloweka kwa muda mrefu kunaidhuru ile gundi ya mpira.

Adui mkubwa wa bia ya kopo ni hewa iliyo kati ya bia na kifuniko. Kopo la 330 huacha nafasi ya mililita 15 hivi. Nafasi hiyo ikijaa hewa, umefungia miligramu 4 za oksijeni, sawa na miligramu 12 kwa lita ya bia. Viwanda huhesabu oksijeni kwa sehemu ndogo za miligramu moja. Bia yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) itageuka kahawia na kuwa na ladha ya karatasi iliyoloa ndani ya wiki chache, na joto huharakisha hilo mara mbili au tatu kwa kila nyuzi 10.

Kwa hivyo ingiza mpira wa gesi hadi chini ya kopo, ifungulie polepole kwa sekunde 5, toa. Ingiza bomba la bia hadi kwenye kitako, jaza bila kuinua, mpaka povu lifurike. Unapotoa bomba, usawa wa bia unashuka wenyewe na povu linabaki limejaa hadi mdomoni. Hapo hapo telezesha kifuniko juu ya povu. Povu ni gesi ya bia yenyewe na ndilo linalofukuza hewa; usilipulize wala kulifuta. Povu likikataa kutokea, gonga kopo mezani mara moja, au acha matone ya mwisho yaanguke kutoka juu. Peleka kwenye mashine na ufunge ndani ya sekunde 15. Watu wawili ndio idadi inayofaa, mmoja anajaza, mwingine anafunga. Ukiwa peke yako usijaze kopo la pili kabla la kwanza halijafungwa.

Pima uzito badala ya kukisia. Weka kopo tupu na kifuniko chake kwenye mizani, soma, ongeza gramu 333. Ndio uzito wa mililita 330 za bia ya 1.010. Lililopungua gramu 10 lina hewa nyingi, linywe kwanza. Lililozidi sana nalo ni tatizo: bia ikitoka nyuzi 2 hadi 34 hutanuka karibu mililita 2, na pasipo nafasi kifuniko hufura bila gesi yoyote kuzidi.

Mashine nayo ina malalamiko yake. Kopo likiteleza na kusaga badala ya kuzunguka na kichwa, sahani ya chini haijainua vya kutosha au kichwa kimelowa povu, kifute. Kiuno cha kopo kikibonyea, sahani imeinua kupita kiasi. Mshono ukiwa mzuri upande mmoja na mbaya upande wa pili, kifuniko kilikaa upande, mara nyingi kwa sababu povu lilikisukuma. Kibonyeze kwa kidole hadi mashine ikishike.

Baada ya kufunga

Suuza kila kopo kwa maji baridi, hasa mfereji ulio kati ya mshono na kifuniko, kisha ulikaushe kwa taulo. Bia iliyokaukia pale huvuta unyevu na chumvi ya hewa, na baada ya mwezi utaona vitone vyeupe vya kutu ya alumini. Kwa kuwa kopo baridi hutoa jasho mara moja katika hewa yetu, lebo haitashika. Ibandike siku moja kabla, kopo likiwa tupu na kavu, na iwe ya plastiki badala ya karatasi. Andika tarehe chini ya kopo kwa kalamu ya wino usiofutika.

Yapindue yote usiku wa kwanza juu ya kadibodi kavu, ndani ya friji. Doa moja la maji linatosha kukuonyesha kopo lenye kasoro. Usiyaweke kwenye friza: bia huganda ikipita nyuzi 2 chini ya sifuri na kifuniko husukumwa nje. Wala usijaribu kuyachemsha ili kuua hamira. Kwenye nyuzi 60 bia ya lita 2.5 hukaribia psi 75, na kopo lililojazwa kupita kiasi halitafika mwisho wa dakika 15.

Tenga makopo 2 nje ya friji, ndani ya ndoo yenye mfuniko, kila unapofunga kundi jipya. Yabonyeze kila siku kwa kidole kwenye kiuno. Kwenye joto la chumba kopo zima huwa gumu tangu siku ya kwanza. La kutazama ni kifuniko na kitako. Kikianza kuinuka katikati, au kitako kikatoka nje kopo likawa linayumba mezani, kundi lote liingie kwenye baridi siku hiyo hiyo na linywewe upesi. Lililokwisha kufura usilifungue mkononi. Likae friji usiku kucha karibu na nyuzi sifuri, livishe taulo nene, lielekeze mbali na uso, ulifungulie nje.